Kumi na Kumi

Siku ya kwanza chuoni niliwaambia: pigeni goti.
Walikuwa arobaini na mmoja, madaftari mapya.
Macho yako yashuke, nikasema, hadi yalipo ya mtoto;
ukibaki huko juu
anaongea na mkanda wa suruali yako.

Wakacheka. Wakashuka,
saruji ikapokea magoti ya watu wazima.
Mihayo Kapaya hakushuka.
"Mwalimu, kwetu Usoke
mtoto ndiye anayepiga goti.
Dada yangu alimsalimia baba hivyo
hadi asubuhi aliyokwenda kuolewa.
Leo mimi, na ndevu hizi,
nimpigie goti wa miaka mitano?"

Jibu nilikuwa nalo, la kwenye moduli, ukurasa wa tisa.
Sikulitoa.
Nami nililelewa kwa goti hilo hilo:
maji ya babu, kikombe mikono miwili,
goti chini, macho chini.
Pembeni ya jina lake nikaandika: tutaona.

Miezi ikaenda kwa vizibo vya soda na magunzi,
kwa mbegu za ukwaju, kwa dumu lililokatwa likawa mizani.
Tulifinyanga ng'ombe wenye pembe nyingi kuliko miguu.
Niliwafundisha andalio la somo, kona ya duka,
na namna ya kumfuta mtoto kamasi
asijione amekosa.
Hilo la mwisho halina mtihani.

Agosti nikaenda Usoke kumkagua.
Darasa la awali, watoto sabini na watatu, mikeka miwili,
ukutani jogoo wa mkaa, mkia umefika dirishani.
Nikakalia kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu,
fomu mapajani: vipengele ishirini na viwili.

Alianza vizuri, mkavu kidogo,
sauti ya mtu anayenadi tumbaku.
Dakika ya nane treni ya mizigo ikapiga honi
na darasa likamwagikia dirishani
kama mtama wa gunia lililotoboka.
Nikaelekeza kalamu kwenye "udhibiti wa darasa".

Mihayo akavitazama vizibo vyake.
Akanitazama.
Akafungua mlango.

Wakasimama mbali na reli, wameshika kamba moja ya katani,
na mabehewa yakapita: moja, mbili, tatu,
wengine wakiruka sita,
wengine wakirudia nne kwa kuipenda tu.
Kumi na nane, kumi na tisa,
na Kashindye, kaptula yake kwenye pini,
akapaza sauti peke yake:
"Kumi na kumi!"

Wakamcheka. Akaumeza mdomo wake.
Ndipo nikaliona goti la kulia,
kisha la kushoto,
suruali yenye mstari wa pasi bado,
chini, kwenye vumbi.
"Kumi na kumi," Mihayo akasema. "Hebu nionyeshe."
Vidole kumi vya mtoto. Vidole kumi vya mwalimu, ubavuni mwake.
"Sasa kumi hizi mbili zikikaa pamoja
zina jina. Zinaitwa ishirini."
Kashindye akalirudia taratibu,
kama anayetambulishwa kwa mgeni.

Treni ilikwishapita.
Hakuna aliyejua ilikuwa na mabehewa mangapi.

Kwenye fomu sikupata mahali pa goti.
Kufuata andalio, nikampa mbili kati ya tano,
na mbili hizo ni haki yake.
Watoto walipokwenda kunywa uji, akaja, anajipangusa.
"Mwalimu, madoa haya mke wangu ataniuliza."
"Mwambie ni ya kazini."

Nikainuka kwenye kile kiti kwa awamu mbili,
goti langu bovu likilia, mkono ukutani.
Nilipofika kituoni kusubiri gari la Tabora
nikakuta kiganja kizima
kimebaki na jogoo.